Katunga nani, kapiga nani: wimbo wa bendi unavyopikwa kabla ya kufika studio

Juzi nipo kwenye daladala ya Mbagala, redio ya dereva inapiga zilipendwa, ukaingia wimbo mmoja wa zamani, ule ambao hata kama jina lake hulijui mwili unaujua. Mama mmoja akasema huu wimbo wa Sikinde, yani bendi ya Mlimani Park. Mzee wa siti ya mbele akageuka, Sikinde gani, huu wa Bitchuka mwimbaji, hebu sikiliza hiyo sauti. Konda naye hakutaka kupitwa, akadai anayeimba siye aliyetunga, kaambiwa na baba yake. Halafu dogo mmoja hedifoni shingoni akauliza, tena kwa nia njema kabisa, "sasa biti kagonga nani?" Gari zima kicheko.

Nilicheka na mimi, ila nimeshuka nalo lile swali. Maana ukiangalia vizuri wale watu wanne walikuwa wanaongelea vitu vinne tofauti na kila mmoja anaviita "wimbo". Na huu mkanganyiko hauko kwenye daladala tu, kila msanii mkongwe akifariki au wimbo wa zamani ukirudiwa na kijana wa sasa mjadala unarudi palepale, wimbo wa nani huo. Mimi nimepiga besi miaka minne kwenye bendi moja ya bar hapa Dar, bendi ambayo haikuwahi kuwa kubwa na jina lake sitalitaja, kwa hiyo ngoja nieleze jinsi wimbo wa bendi unavyotengenezwa kabla haujagusa mashine ya kurekodia, labda tutaacha kumcheka yule dogo.

Tuanze na maneno yenyewe. Mtunzi ni yule aliyeleta mashairi na ile sauti ya kuyaimbia, yani ukimwamsha saa tisa usiku hana chombo chochote anaweza kukuimbia wimbo wake mwanzo mwisho. Kupanga muziki ni kazi nyingine, hapo ndo inaamuliwa magitaa yafanye nini, tarumbeta ziingie wapi, kiitikio kirudiwe mara ngapi, wimbo uishie vipi. Mwimbaji ni mwenye sauti unayoisikia, anaweza kuwa mtunzi na anaweza asiwe. Bendi ndo wote hao kwa pamoja, tena mara nyingi nyuma yao kuna mwenye vyombo ambaye hata kuimba hajui. Na biti, ile ya dogo, ni muziki uliotengenezwa kwanza halafu mtu akaja kuweka maneno juu yake. Kwenye bendi ya dansi hicho kitu hakipo kwa mpangilio huo, huku maneno yanatangulia na muziki unakuja nyuma unayafuata.

Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani bendi inakaa duara kama kikao cha harusi, kila mtu achangie mstari. Hamna. Kwa bendi nilizoziona mimi wimbo unakuja na mtu mmoja, na anakuja nao kama mtu anayepeleka kitambaa kwa fundi. Kitambaa ni chake, rangi kachagua yeye, ila gauni bado halipo. Anaweza kuwa mwimbaji, anaweza kuwa mpiga gitaa. Les Wanyika kwa mfano, ile bendi ya Nairobi iliyojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, Sina Makosa imetungwa na Omari Shabani ambaye alikuwa anapiga gitaa la rhythm, lile la kushikilia mwendo, lakini mpaka leo watu ukiwatajia huo wimbo wengi wanaanza kukuimbia kwa mdomo ile besi ya Tom Malanga. Sasa hapo mtunzi mmoja, kinachokumbukwa kapiga mwingine, na sauti inayoimba ni ya mwingine tena, Issa Juma. Utaona kwa nini gari zima lilikuwa linabishana na wote wana haki.

Taarab ndo mnachanganyikiwa zaidi, kule ni kawaida kabisa mashairi yakawa ya mtu ambaye hapandi jukwaani hata siku moja, mwingine akayatia muziki, wa tatu akaimba na kutunzwa pesa zote. Ila hiyo tuiache, ina mambo yake.

Sasa ngoja nikupeleke mazoezini. Saa nane mchana, bar imefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza miguu inaangalia dari, dada mmoja anafagia visoda na harufu ya bia ya jana bado ipo. Mwimbaji wetu kaja na daftari la shule lile la kurasa 48, kakaa juu ya kreti, hafungui hata maiki, anagonga meza kwa vidole viwili na kuimba taratibu. Anaimba ubeti wa kwanza wote, kuhusu mtu aliyemlea mdogo wake na mdogo mtu kapata kazi kamsahau, stori ambazo kila familia inayo. Tunasikiliza tu. Hakuna anayegusa chombo, na hiyo kwetu ilikuwa sheria, ubeti wa kwanza unasikilizwa mikono mifukoni, maana ukianza kupiga mapema unausikia mkono wako na sio wimbo.

Akirudia mara ya pili ndo mpiga solo, yani gitaa la kuongoza, anaanza kupapasa, anatafuta kii. Kii ni urefu wa sauti, yani wimbo ukae chini au juu kiasi gani. Hii inaamuliwa na koo la mwimbaji, hata kama solo anapenda kupiga sehemu fulani ya gitaa kwa sababu vidole vyake vimeizoea, mwimbaji akisema "hapo juu sana nitapasuka, nishushie" basi inashushwa. Kuna siku tulitumia nusu saa nzima kwenye hicho kitu kimoja, na ilikuwa lazima, kwa sababu wimbo ukiwa juu kidogo tu, saa nne usiku mwimbaji yuko sawa lakini saa nane usiku baada ya nyimbo ishirini sauti inakwaruza kama bati.

Baada ya kii zinakuja kodi. Kodi ni sauti kadhaa za gitaa zinazopigwa kwa pamoja, na nyimbo nyingi mno za dansi zinatembea kwenye tatu tu, wanamuziki wanaziita ya kwanza, ya nne na ya tano. Usidharau. Ugali na mboga na chumvi navyo ni vitu vitatu. Na hapa niondoe dhana moja, watu wanafikiri wale wazee walikuwa na makaratasi ya nota mbele yao. Wapo waliojua kusoma nota, hasa wapuliza tarumbeta na saksofoni waliopitia bendi za polisi na jeshi, lakini mazoezini mambo mengi yanakwenda kwa mdomo. Kiongozi wetu alikuwa ananiimbia besi, "we nipe dum, du-du dum, halafu kaa kimya, usijibu", mpiga solo anaimbiwa "tindi-tindiri-ndi", na mpiga drams anaambiwa tu "tembea kama mtu aliyechoka". Ukimwangalia mtu anayepita nje atadhani wagonjwa.

Sasa kwenye magitaa ndo pana utamu, na ndo mahali ambapo msikilizaji wa kawaida anapotea kwa sababu anasikia gitaa moja kumbe yapo matatu. Lipo rhythm, lipo second solo, lipo solo, na chini yao besi. Umeshawahi kuona akina mama wawili wanatwanga kinu kimoja? Huu unapanda, ule unashuka, hawahesabu, hawaangaliani, wanaongea umbea wao na michi haigongani. Magitaa ya dansi ndo hivyo. Rhythm anapiga kodi zake lakini anaacha mashimo kwa makusudi, second solo anaingia kwenye yale mashimo na kijisauti kifupi kinachojirudia, solo anapita juu yao wote na kumjibu mwimbaji pale mwimbaji anapovuta pumzi. Kila mmoja peke yake anapiga kitu kidogo mpaka unaweza ukamwonea huruma, lakini ukiwaunganisha linatoka gitaa moja kubwa ambalo hakuna binadamu mwenye vidole vya kulipiga.

Kwa hiyo ukiniuliza kutunga kwa pamoja ni nini, ni kutafuta mashimo. Mpigaji mzuri mazoezini haulizi "nipige nini", anauliza "nani hapigi saa hizi". Na mpigaji mbaya sio asiyejua, ni yule anayejua sana na anataka wote tujue kwamba anajua. Tulikuwa naye mmoja kwenye second solo, mkono wake wa ajabu, lakini akianza hakuna anayepata pa kuingia, kila wimbo unajaa kama daladala ya saa kumi na mbili asubuhi. Alidumu miezi miwili.

Mimi mwenyewe siku ile ya wimbo wa mdogo mtu nilikosea. Kwenye kwenda kodi ya nne nilichelewa, kidole kilikwama, nikaangukia ile sauti nusu pigo nyuma ya wenzangu. Nikasema samahani tuanze upya. Kiongozi akasema ngoja, rudia hivyohivyo. Nikarudia kosa. Akasema usiitoe hiyo, mahali hapo jamaa anaimba "nimechoka", na besi imechoka pia, iache. Ikabaki. Nakumbuka nilijisikia vizuri na wakati huohuo nilijisikia kama nimepata maksi za kuibia.

Magitaa yakikaa ndo zinafuata tarumbeta na saksofoni kama bendi inazo, na hapo ndo unamhitaji mtu mwenye sikio la kusimamia jumla. Mlimani Park, ambayo ilianza 1978 na ndo wenye mtindo wa Sikinde, walikuwa na King Michael Enock, mtu aliyekuwa anamudu vyombo vingi na ndiye aliyesimamia upangaji wa muziki pale. Sikiliza nyimbo zao za wakati ule utasikia tarumbeta haziropoki, zinaingia kati ya ubeti na ubeti kama mtu mzima anayesubiri zamu yake ya kuongea. Hiyo haikutokea tu. Mtu alikaa akasema nyie subirini, nyie ingieni, nyie wawili tu sio watatu.

Nimetaja mtindo, hili nalo linawachanganya watu. Sikinde, Msondo, Ndekule, Twanga Pepeta, hayo hayakuanza kama majina ya bendi. Bendi zenyewe, kwa mpangilio huohuo, ni Mlimani Park, ni NUTA Jazz ya mwaka 1964 ambayo ikaja kuitwa JUWATA halafu OTTU kadiri chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kilivyobadilika jina, ni Orchestra Safari Sound, ni African Stars. Mtindo ni namna bendi inavyotembea, mapigo yake, uchezaji wake, na baadhi ya hayo majina yametoka kwenye ngoma za asili, sikinde kwa mfano ni ngoma ya Wazaramo. Kwa hiyo mtunzi akileta wimbo bendi A na wimbo huohuo akaupeleka bendi B unatoka vitu viwili, maneno yaleyale, mwendo mwingine. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipita NUTA, akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi kwenye bendi ileile ya Msondo aliyoanzia, sauti ni ileile lakini ukiwa na sikio unajua hapa alikuwa wapi kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

Halafu wimbo wa dansi una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya kusikiliza, inakwenda polepole, stori inasimuliwa, watu wanacheza wameshikana. Nusu ya pili ni chemko, kama jina lenyewe linavyosema, maji yanachemka, mwendo unapanda, maneno yanapungua yanabaki ya kuitikia, magitaa yanaachiwa na wanenguaji wanaingia. Mtunzi anakuja na nusu ya kwanza tu. Chemko ni mali ya mazoezi, inatoka kwa kurudiarudia, mtu mmoja anatupa kitu, mwingine anakidaka, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kesho yake nani alianza. Ndo maana bendi inasemwa "imejichimbia kambini", wanakwenda mahali mbali na mji wiki kadhaa, wanalala hukohuko, kwa sababu chemko haiji kwa miadi ya saa mbili, inakuja siku ya tatu mchana mkiwa mmechoka na hamjali.

Bado wimbo haujaisha. Unapelekwa ukumbini kimyakimya, unachomekwa kati ya nyimbo mbili zinazopendwa, na pale wanaangaliwa watu miguu. Wakienda kukaa wakati wa ubeti wa tatu, ubeti wa tatu unakatwa, hata kama mtunzi analia. Wakikaa kwenye chemko tatizo ni kubwa zaidi. Wimbo wetu wa mdogo mtu ulikuwa na beti tano, wiki ya pili ukawa na tatu, na mtunzi hakutusemesha siku mbili, na kusema kweli ule wa nne ulikuwa mzuri, tuliukata kwa sababu ulikuwa unaangukia wakati wahudumu wanapitisha bili.

Hapo ndo unaielewa tofauti kubwa kati ya enzi zile na sasa. Zamani wimbo ulikuwa unamalizika kabla ya kurekodi. Bara kulikuwa na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, mpaka miaka ya 90 mwanzoni zilipoanza kuja za binafsi, na kurekodi mara nyingi ilikuwa ni kwenda studio zao bendi nzima. Maneno yalipitiwa kwanza, na mkiingia mnapiga wote kwa mkupuo kama mko jukwaani. Mpuliza tarumbeta akikosea mwishoni, mnarudi mwanzo wote. Kwa hiyo huwezi kwenda pale kutafutatafuta. Ilikuwa kama kupiga picha ya pasipoti, nywele unachana nyumbani. Na Nairobi kwenye santuri ndogo kulikuwa na kubanwa kwingine, upande mmoja hauwezi kubeba wimbo mrefu, ndo maana unakuta nyimbo nyingi zimegawanywa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili, unageuza santuri ndo unapata chemko. Bendi ikijua hivyo inapanga kabisa mazoezini ikatikie wapi.

Sasa hivi studio yenyewe ndo mazoezi. Prodyuza ana kompyuta, anatengeneza biti, anampigia msanii simu, msanii anakuja anatafuta maneno palepale, mwingine anatuma ubeti wake kutoka Nairobi kwa simu, kila kitu kinaweza kufutwa na kuwekwa upya. Mimi sio wale wazee wa kusema muziki umekufa, nasikiliza Bongo Fleva kila siku na nyingine zinanitoa machozi, ila kazi zimebadilishana viti. Prodyuza leo anafanya kazi ya solo, ya rhythm, ya besi, ya drams na ya mpangaji kwa wakati mmoja. Kwa hiyo yule dogo alichouliza ukikitafsiri kwa lugha ya dansi ni "huu muziki ulipangwa na nani", na ni swali zuri kuliko la wale wengine watatu. Jibu lake tu ndo gumu, walipanga watu wanane kwenye bar iliyofungwa.

Na sheria je? Hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hayo maneno mawili yanasaidia sana kama utayatenganisha. Hakimiliki kwa lugha nyepesi inamwangalia aliyetunga, mashairi na muziki wenyewe. Hakishiriki inawaangalia waliotoa ile kazi, waliopiga na kuimba na waliorekodi. Shida ni kwamba makubaliano mengi ya bendi yalikuwa ya mdomo, wanamuziki walilipwa mshahara, vyombo vya chama au vya shirika au vya tajiri fulani, na hakuna aliyeandika mahali kwamba chemko ni ya nani au ile besi ni ya nani. Kwenye karatasi anaandikwa mtunzi mmoja, na sio uongo, kitambaa kweli ni chake. Wengine tulishona.

Basi mwimbaji wetu alihama. Aliahidiwa pikipiki na bendi ya upande wa pili wa mji, hatukumlaumu. Sisi tuliendelea kuupiga ule wimbo na mwimbaji mwingine, yeye akaupiga kule kaubadilisha jina na kurudisha ule ubeti wa nne. Siku moja nikaenda kuwasikiliza, nikakaa nyuma kabisa karibu na jiko la chipsi. Mpiga besi wao kijana mdogo, hatufahamiani, sijui aliukopi kutoka wapi, labda simu ya mtu. Wakafika pale kwenye "nimechoka", na yule dogo akachelewa nusu pigo.